Studio ya bure mfukoni, mwenyewe nani?

HEBU nikuulize msomaji wangu: una wimbo kichwani, mfukoni huna hata ya soda, unafanyaje? Zamani jibu lilikuwa moja tu. Unaukalia mpaka unausahau. Siku hizi vijana wa Nyabusozi, kule Biharamulo mkoani Kagera, wanatoa simu.

Nilimkuta mmoja kijiweni, nje ya kibanda cha fundi simu. Ndevu ndiyo kwanza zinajaribu kuota. Kaziba masikio kwa spika, kidole kinadonoa kioo cha Tecno iliyopasuka pembeni. Nikadhani anacheza gemu.

"Gemu wapi kaka, nasuka biti," akanijibu bila hata kuinua uso, halafu akanipa spika ya sikio moja nisikilize. Jamani, ngoma ilikuwa inagonga kichizi!

Kama huoni ajabu hapo, kumbuka muziki wa kizazi kipya ulivyoanza miaka ya 90. Studio za maana zilikuwa Dar es Salaam, kwa akina Master J na P-Funk. Mshikaji wa Biharamulo alitakiwa awe na nauli, pa kufikia na pesa ya studio. Huku kwetu umeme wenyewe kwa miaka mingi ulikuwa wa majenereta ya dizeli, likizimika na wewe unazimika. Vipaji vingapi viliishia kwenye kwaya na harusi? Mungu ndiye anajua.

Sasa matajiri wa kompyuta nao wameligundua soko la wanaoanza. Apple ya Marekani iliinunua kampuni ya Kijerumani iitwayo Emagic mwaka 2002, halafu Januari 2004 Steve Jobs akapanda jukwaani pamoja na mwanamuziki John Mayer kuitambulisha GarageBand, programu ambayo hata asiyejua kushika gitaa anaweza kutengenezea wimbo. Mwaka 2011 ikaingia kwenye simu zao, na mwaka 2017 wakaitoa bure kwa kila mwenye chombo cha Apple. Microsoft nao walijaribu mwaka 2009 na Songsmith: unaimba, kompyuta inakufuata na vyombo. Tangazo lake lilichekwa dunia nzima. Spotify waliinunua Soundtrap mwaka 2017, mwaka 2023 wakawauzia tena waanzilishi wake, kama mtu aliyenunua mbuzi akashindwa kumlisha. Mwaka huohuo wa 2023 Google wakaleta MusicLM, ambayo huimbi wala hupigi, unaandika tu unataka muziki wa namna gani na mashine inakutolea.

Wema gani huu? Mimi siamini. Mvuvi hauzi chambo, anauza samaki. Apple anauza simu na kompyuta, na GarageBand ni utamu wa kukuleta dukani. Ndiyo maana kwenye Tecno ya yule kijana haiingii kabisa, haipo kwa simu za Android. Vijiweni kwetu mwenye iPhone unamhesabu kwa kidole kimoja, tena kidole chenyewe kinakuwa cha mtu aliyekuja likizo. Hata chambo hakijatufikia.

Kilichotufikia sisi kilitoka kwa wadogo. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo baadaye waliibadili jina kuwa FL Studio baada ya mvutano na Kellogg's, wale watengeneza vyakula vya asubuhi wenye Froot Loops zao. (Usicheke, jina ni mali.) Ukiinunua mara moja, matoleo yanayofuata unapewa bila kulipa tena. Tatizo ni hiyo mara moja! Huku mitaani wengi wanapeana nakala za kuiba kwenye flashi, na virusi juu yake kama nyongeza.

Lakini angalia kazi iliyofanywa na kompyuta za kawaida. Singeli ya uswahilini Dar ilipikwa kwenye vistudio vya chumba kimoja. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso, na Wazungu wakajua kwamba kuna mdundo unakwenda mbio kuliko miguu yao. Hakuna tajiri wa kompyuta aliyeomba singeli izaliwe.

Kijana wangu wa Nyabusozi anatumia BandLab, ya Singapore. Inaingia kwenye Android na ni bure, na mwaka 2024 wenyewe walitangaza kwamba wamepita watumiaji milioni 100. Hawa ndio waliookoa Cakewalk, programu ya siku nyingi ambayo mwenye mali, kampuni ya magitaa ya Gibson, aliacha kuiendeleza mwishoni mwa 2017. Februari 2018 BandLab wakainunua. Waliokuwa na miaka ya kazi zao humo walitokwa jasho hiyo miezi michache.

Jasho hilo kijana analijua. Kabla ya hii alikuwa na programu nyingine, jina nalihifadhi. Simu ikaibiwa mnadani, namba ya siri ameisahau, nyimbo tisa zikabaki huko huko kwenye mitambo ya watu. "Tisa kaka! Moja nilimwimbia marehemu mama." Hapo alitoa spika masikioni. Sikuwa na la kumwambia. Sasa kila akimaliza wimbo anamlipa fundi simu amwekee kwenye memori kadi, na kadi anaificha nyumbani kwa bibi yake.

Kuna na kasheshe jingine. Programu hizi zinakuja na lupu, yaani vipande vya midundo vilivyokwisha pigwa. Si kosa kuvitumia. Hata ngoma za Umbrella ya Rihanna ya mwaka 2007 zilitoka kwenye lupu za GarageBand. Ila lupu yako ndiyo yangu. Pale kijiweni vijana wawili nusura wazichape, kila mmoja akidai mwenzake kamwibia biti. Simu zilipochezwa moja baada ya nyingine, kumbe wote waliokota lupu ileile! Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri redio yake itengenezwe akawauliza, "Wajukuu, mnagombea ngoma ambayo hakuna kati yenu aliyeiwamba?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko, wagomvi nao wakacheka.

Kijana wangu alikuwepo siku hiyo na akaelewa kwa namna yake. Harusi iliyofuata kijijini alikwenda na simu, akawaamkia wazee wapiga ngoma, akaomba ruhusa aiweke simu juu ya kigoda karibu nao. Akarekodi. Nyumbani akakata kipande kimoja kifupi, akakirudisharudisha, akaweka besi chini yake. Ndiyo ile niliyoisikia kwa sikio moja. Ukisikiliza vizuri, katikati kuna mtu anakohoa, na kikohozi kinarudi kila baada ya mapigo manne. Nikamuuliza mbona hajakitoa. Akasema aliyekohoa ni babu yake.

Anataka kuipeleka Radio Kwizera kule Ngara, redio iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na mpaka leo ukanda wetu unaisikiliza. Anachosubiri ni bando la kutumia wimbo, maana faili ni zito, na pia sauti ya msichana wa kiitikio ambaye mama yake bado hajakubali. Nilipoondoka betri ilikuwa imebaki asilimia nne, na yeye yuko dirishani kwa fundi anambembeleza amchajie kwa mkopo.