Shindano la karata lizaalo mamilionea na mafukara

MNAMO Novemba 22, 1998, mwanamume mmoja mfupi na mwembamba alikutwa amekufa kitandani katika hoteli ndogo ya bei nafuu jijini Las Vegas, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 45. Chumbani mlipatikana takriban dola 800.

Miezi 18 tu kabla ya siku hiyo, mwanamume huyo, Stu Ungar, alikuwa akipigwa picha kando ya kitita cha dola milioni moja. Alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa karata uitwao poka, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu.

Alifikaje kilele hicho, na akaporomokaje kwa kasi namna hiyo? Ili kujibu swali hilo yatupasa kwanza kulijua shindano lenyewe, ambalo kwa zaidi ya nusu karne limewavuta wacheza kamari kila mwaka kama nondo kwenye taa.

Mwanzo wa mambo

Mwasisi wa shindano hilo ni Benny Binion, mzaliwa wa jimbo la Texas ambaye hakuwa malaika. Kule Dallas aliendesha kamari haramu kwa miaka mingi, na mikono yake haikuwa safi kwa damu ya watu. Mwaka wa 1946 alihamia Las Vegas, katika jimbo la Nevada, ambako kamari ilikuwa imehalalishwa tangu mwaka wa 1931. Mwaka wa 1951 alifungua kasino iliyoitwa Horseshoe, yaani kiatu cha farasi. Baadaye alifungwa jela kwa kukwepa kodi, akatoka na kurudi mjini.

Mwaka wa 1970 Binion aliwaalika kwenye kasino yake wachezaji wachache waliosifika kuwa magwiji wa poka. Walicheza kwa siku kadhaa, kisha wakatakiwa kupiga kura kumchagua aliye hodari kuliko wote. Inasimuliwa kwamba kila mmoja alijipigia kura mwenyewe! Ikabidi waulizwe ni nani wa pili kwa ubora, na hapo jina la Johnny Moss likajitokeza. Alitunukiwa kikombe cha fedha.

Mwaka uliofuata kura ziliachwa. Iliamuliwa kwamba kila mchezaji alipe kiingilio, apewe vibao vya kuchezea vinavyosimamia pesa, na vikimwishia aondoke mezani. Atakayebaki peke yake na vibao vyote ndiye bingwa. Moss alishinda tena. Mwaka wa 1972 kiingilio kiliwekwa kuwa dola 10,000, na la kushangaza ni kwamba hakijabadilika hadi leo.

Jinsi inavyochezwa

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mtindo unaotumika kumpata bingwa ni rahisi kueleza. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo huziona yeye peke yake. Kisha karata tano huwekwa mezani wazi, nazo ni za wote. Mwenye kuunda kundi bora la karata tano kutoka kwa hizo saba ndiye mshindi.

Hata hivyo, utamu wa mchezo hauko kwenye karata bali kwenye dau. Mchezaji mwenye karata mbovu anaweza kuweka dau kubwa bila kupepesa jicho, na mwenye karata nzuri akaingiwa na hofu akazitupa. Kwa hivyo bingwa wa poka ni yule ajuaye kusoma nyuso za wenzake na kuuficha uso wake.

Shindano hilo limezaa visa vingi. Doyle Brunson alishinda mwaka wa 1976 na 1977, na ajabu ni kwamba mara zote mbili alimaliza kazi akiwa na karata zile zile, kumi na mbili. Mwaka wa 1982 Jack Straus alidhani amepoteza vyote, akainuka aende zake. Mara akagundua kibao kimoja kimesalia mezani. Akaketi tena, na kwa kibao hicho kimoja akapanda hadi akawa bingwa. Mwaka wa 1989 kijana wa miaka 24, Phil Hellmuth, alimbwaga Johnny Chan aliyekuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Binion alifariki Krismasi ya mwaka huo huo. Miaka miwili baadaye, Brad Daugherty akawa bingwa wa kwanza kutia kibindoni dola milioni moja.

Kijana wa New York

Lakini wengi wa wanaoujua mchezo huu husema hakuna aliyewahi kuzaliwa na kipaji kama cha Ungar. Alikulia New York, mwana wa mtu aliyeishi kwa kuendesha kamari. Tangu utotoni alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na katika mchezo mwingine wa karata, jin rami, aliwashinda watu hadi wakakataa kucheza naye. Ndipo akageukia poka. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1980 na kuutetea mwaka wa 1981.

Pesa hizo hazikukaa. Alichokichuma kwenye karata alikimwaga kwenye mbio za farasi na kamari za michezo, na kilichosalia kikaishia kwenye dawa za kulevya. Katika shindano la mwaka wa 1990 alikutwa amezirai chumbani mwake kwa sababu ya dawa hizo, ilhali mchezo ulikuwa ukiendelea. Alikuwa amekusanya vibao vingi hivi kwamba, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu, bado alimaliza nambari tisa.

Kufikia mwaka wa 1997 hakuwa na pesa za kiingilio. Rafiki yake, Billy Baxter, alimlipia dola 10,000 kwa makubaliano kwamba wagawane ushindi. Wachezaji walikuwa 312. Ungar alivaa miwani ya mviringo ya buluu kuficha jinsi dawa zilivyomharibu pua. Aliwafagia wote, kisha akaionyesha kamera picha ya binti yake aliyokuwa ameibeba.

Nusu ya ile milioni ilikuwa yake. Haikupita miezi mingi ikawa imeyeyuka yote. Mwaka wa 1998 Baxter alimlipia kiingilio tena, lakini siku ilipowadia bingwa hakushuka kutoka chumbani. Miezi sita baadaye moyo wake, uliochoshwa na dawa, ulisimama. Marafiki walichanga pesa za mazishi.

Mtengeneza Pesa

Mwaka wa 2003 shindano lilibadilika kabisa. Mhasibu wa umri wa miaka 27 kutoka jimbo la Tennessee alishinda nafasi ya kushiriki kupitia mchezo wa intaneti uliomgharimu dola 86 tu. Hakuwa amewahi kucheza shindano kubwa ukumbini, lakini aliwashinda wote 838 na kunyakua dola milioni 2.5. Jina lake halisi la ukoo ni Moneymaker, ambalo kwa Kiswahili ni Mtengeneza Pesa!

Kila mtazamaji wa televisheni alijiambia, "Kama yeye ameweza, kwa nini nisiweze?" Mwaka wa 2004 wachezaji walikuwa 2,576. Mwaka wa 2006 walifika 8,773, na bingwa akapata dola milioni 12. Ukumbi wa Binion ukawa mdogo, na tangu mwaka wa 2005 shindano limekuwa likifanyiwa katika kasino nyingine kubwa za Las Vegas. Mwaka wa 2024 liliuzwa kwa dola milioni 500.

Sasa tufanye hesabu ambayo matangazo hayaifanyi. Mwaka wa 2023 walioingia walikuwa 10,043. Waliopata zawadi ni 1,507. Zaidi ya watu 8,500 waliacha dola 10,000 mezani wakaenda zao mikono mitupu. Na katika kila kiingilio, dola 700 hazikuingia kwenye zawadi kabisa. Huyo mwenye kuandaa meza ndiye pekee asiyeshindwa.

Hilo linamhusu hata kijana wa Nairobi anayeweka shilingi zake kwenye kamari ya simu akimwazia mshindi aliyemwona gazetini. Picha ya mshindi huchapishwa, nao walioshindwa hawapigwi picha. Na kisa cha Ungar kinatuonyesha kwamba hata kushinda, tena mara tatu, si kinga.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ungar aliweza kukumbuka kila karata iliyopita mezani. Kuzihesabu pesa zake ndiko kulikomshinda.