Umeme wa Nyumba na Mashine ya Kukereza

Mvuvi aliyevunjikiwa na shafti ya boti hana budi kungoja meli ya bara, ilhali jirani yake ana mashine ya kukereza vyuma iliyolala. Sababu ni moja: mota iliyofungwa upya yataka umeme wa njia tatu, na nyumba ina njia moja ya volti 230.

Twasema wazi kwamba dawa ipo. Inveta hupokea njia moja, ikaipa mota njia tatu na kuirekebisha kasi. Lakini inveta ya kawaida haipandishi volti. Basi mota iliyoandikwa 230/400 ifungwe kwa pembetatu, si kwa nyota. Iwe na laini yake, fyuzi yake na waya wa ardhi. Swichi ya kuwashia isikae kati ya inveta na mota. Na umeme ukishazimwa, kepasita za ndani hubaki na nguvu ya kuua kwa dakika kadhaa.

Wakuu wa vyuo vya ufundi na wakaguzi wa umeme wawafikie mafundi kwa mafunzo haya, kabla ya kubahatisha hakujaleta msiba.