GITAA LA MZEE LINA THAMANI GANI?

Tuseme mzee mmoja amefariki. Ameacha shamba, jembe na gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme. Gitaa limetundikwa ukutani miaka mingi. Limejaa vumbi, na uzi mmoja umekatika.

Siku moja anakuja mnunuzi kutoka mjini. Anasema, "Hizi ni kuni tu. Nitakupa shilingi 20,000."

Je, mtoto wa marehemu akubali? Hawezi kujua mpaka alikague gitaa hilo kwanza. Tujifunze namna ya kulikagua.

KAGUA UZIMA WAKE

Chukua tochi, rula na kipande cha karatasi. Kisha angalia mambo matano.

1. Shingo. Shika gitaa kama seremala anavyoshika ubao ili kuona kama umenyooka. Tazama kuanzia kichwani kuelekea tumboni. Shingo iliyopinda sana ni ugonjwa mkubwa. Kisha hesabu vichuma vya shingoni, kuanzia kichwani, mpaka cha 12. Hapo pima nafasi iliyopo kati ya kichuma na nyuzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 au 3 ni nzuri. Nafasi ikifika milimita 5 au 6, vidole vitauma na sauti haitakaa sawa.

2. Daraja. Katika magitaa mengi, hiki ni kipande cha mti kilichobandikwa tumboni kwa gundi. Nyuzi hufungwa hapo. Jaribu kupenyeza karatasi chini yake. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia. Usishangae. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. Ni kama mtu mzima ananing'inia hapo usiku na mchana.

3. Tumbo. Je, limevimba nyuma ya daraja? Je, limebonyea karibu na tundu? Je, lina ufa? Ufa mdogo hutengenezeka. Tumbo lililobonyea sana lina kazi kubwa.

4. Ndani. Mulika tochi kwenye tundu. Utaona vijiti vya mbao vinavyolishikilia tumbo. Gonga tumbo polepole kwa kidole. Ukisikia kitu kinagongana, huenda kijiti kimoja kimeachia. Ukiona vitundu vidogo na unga wa mbao, wadudu wameingia.

5. Vikazio vya nyuzi. Zungusha kimoja kimoja. Vinapaswa kuzunguka vizuri na kushika. Vikiharibika, vinaweza kubadilishwa.

TAFUTA JINA LAKE

Soma maandishi ya kichwani, na karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu. Tafuta jina la kiwanda na nambari. Kwa mfano, kiwanda cha Martin cha Marekani kilianzishwa mwaka 1833. Tangu mwaka 1898 kimekuwa kikiandika nambari kwenye magitaa yake. Nambari hiyo huonyesha mwaka gitaa lilipotengenezwa.

Lakini jihadhari. Karatasi huweza kubandikwa na mtu yeyote. Jina peke yake si ushahidi wa kutosha.

Tena, si kila gitaa la zamani lina bei kubwa. Gallotone lilikuwa gitaa la bei nafuu lililotengenezwa Afrika Kusini. Moja lilifika Uingereza, na mwaka 1957 kijana John Lennon alikuwa akilipiga. Baadaye Lennon alipata sifa dunia nzima pamoja na kundi la Beatles. Mwaka 1999 gitaa lile liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Mbao zake hazikubadilika. Kilicholipandisha bei ni historia yake, tena historia iliyothibitishwa. Kwa hiyo, kama mzee wako alipiga gitaa lake katika bendi, tunza picha na barua zake pamoja na gitaa.

USILIPAKE RANGI

Watu wengi hutaka kulipendezesha gitaa kabla ya kuliuza. Hulipiga msasa na kulipaka rangi mpya. Hilo ni kosa. Wanunuzi wanaojua magitaa ya zamani hutaka rangi ya asili, hata kama imechubuka. Futa vumbi tu kwa kitambaa laini kikavu. Usipigilie misumari. Legeza nyuzi, na uliweke mbali na moto, jua na unyevu.

FANYA HESABU

Nenda kwa fundi na kwa wapiga gitaa. Uliza mambo mawili: gitaa zima la namna hiyo huuzwa bei gani, na matengenezo ni kiasi gani. Tuseme umejibiwa hivi:

Bei ya gitaa zima: shilingi 200,000
Toa matengenezo: shilingi 80,000
Thamani yake sasa: shilingi 120,000

Mtoto yule angekubali shilingi 20,000, angepoteza shilingi 100,000. Sasa akiamua kuuza, atauza akijua anachouza. Akiamua kulitunza, atajua anachotunza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Karatasi inatusaidia kujua nini kuhusu daraja?
2. Kwa nini si vizuri kulipaka rangi gitaa la zamani?
3. Gitaa zima huuzwa shilingi 150,000. Matengenezo ni shilingi 65,000. Thamani yake sasa ni kiasi gani?
4. Nyumbani kwako kuna kitu gani cha zamani ambacho hujakikagua?