Mti Hula Nini?

Ndugu mkulima, ukitoa magunia ya mahindi shambani, mbona udongo hauachi shimo? Jan Baptist van Helmont wa Brussels, Ubelgiji, alitaka kujua. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chungu kikubwa, akapanda mche wa ratili 5, akaunywesha maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169! Udongo ulipungua wakia 2 tu. Akadhani mti wote ni maji. Habari zake zilipigwa chapa mwaka 1648, naye amekwisha kufa.

Lakini hewa hakuihesabu. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alionyesha kwamba majani mabichi husafisha hewa penye jua, gizani hayasafishi. Mwaka 1804 de Saussure wa Geneva, kwa kupima, alionyesha kwamba mmea hujijenga kwa maji na kwa hewa kama ile tuitoayo puani.

Basi jani ni jiko, na moto wake ni jua. Ng'ombe ana njaa, ni kweli, lakini ukimnyonyolea majani ya mahindi mapema, gunzi litakosa punje. Ngoja punje ziwe ngumu. Na zile wakia 2 za udongo? Hizo ndizo hurudishwa kwa samadi.