Ovaroli Si Zawadi

Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kule Bugarama, Rusizi, Cyangugu ya zamani, kilianza uzalishaji mwaka 1984. Mzee aliyestaafu huikumbuka ovaroli yake kwa fahari. Dukani ilikuwa dhamana tosha: huyu ana mshahara mwisho wa mwezi.

Wenye mali wamebadilika: PPC ya Afrika Kusini mwaka 2013, National Cement ya Kenya mwaka 2024. Vumbi la saruji halijabadilika. Likiingia kifuani hudhuru.

Fahari ile ni halali, lakini ovaroli ni kinga kwanza. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Basi tusishukuru tu. Tudai!