Nyumba ya Jasho Letu Ina Jina la Nani?

Ndugu wafanyakazi,

Wapo kati yetu, wa viwandani na wa mashamba ya chai, waliopata chumba kimoja au viwili huko Muhima, kwenye mteremko wa kutoka katikati ya Kigali hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Tumevipata kwa kujinyima miaka mingi. Lakini tukiulizana, "Hati ina jina la nani?" wengi hunyamaza.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi amenunua nyumba. Yeye na muuzaji wameandikiana barua mbele ya mashahidi, fedha zimehesabiwa, barua imetiwa sandukuni. Miaka kumi baadaye mnunuzi anafariki. Katika daftari la ardhi, jina bado ni la muuzaji. Mjane anaanza kumtafuta, au kuwatafuta watoto wake, ili wamsainie. Wakikataa, shauri linaweza kwenda kwa wapatanishi, yaani Abunzi, au mahakamani. Na kila siku ya shauri ni siku ya kazi iliyopotea.

Barua ile si bure, ni ushahidi wa mapatano. Lakini haihamishi jina. Kati ya 2009 na 2013 vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 viliandikishwa Rwanda nzima, kila kimoja kwa namba yake. Kinachohamisha jina ni hati ya uhamisho iliyosainiwa mbele ya notari wa ardhi, kisha ikaandikishwa. Tena tangu 2023 hati za ardhi hutolewa kwa njia ya elektroniki; basi tusitegemee karatasi kuukuu, tuulize daftari linasema nini.

Tufanye nini tungali hai?

Kwanza, aliyenunua kwa barua amalize uhamisho sasa, muuzaji angali yupo.

Pili, mume na mke wafunge ndoa mbele ya serikali, maana ndiyo sheria inayoitambua. Wenye mali ya pamoja wahakikishe majina yao yote mawili yamo katika hati, pamoja na fungu la kila mmoja. Hapo mjane hatafuti haki yake upya, tayari imeandikwa.

Tatu, anayetaka kumpa mtoto kiwanja, kwa desturi ya umunani, asiseme kwa mdomo tu mbele ya ukoo. Aende kwa notari, na wote walioandikwa katika hati wakubali. Sheria ya ardhi ya 2021 inataka hivyo. Wala tusiwasahau mabinti: tangu sheria ya 1999 haki yao ya kurithi ni sawa na ya kaka zao.

Lakini tuwe macho. Ukishatoa, umetoa. Mtoto akishaandikwa anaweza kuuza, na wanaomdai wanaweza kukikamata kiwanja. Kwa hiyo mzee asitoe paa analolalia kwa kuogopa mahakama tu. Nyumba hiyo na ibaki kwa jina lake na la mkewe, na matakwa yake ayaandike katika wosia.

Ndugu, mkataba wa kazi hatuuamini mpaka tuuone umesainiwa. Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Jumapili hii tuketi na wake zetu na waume zetu, tufungue sanduku, tusome majina. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake wa tawini amsomee.