Utangulizi: Hewa Inayosukuma Breki ya Dizeli

Wengi wanaoanza kusomea breki hukimbilia mafuta ya breki, masta silinda na pedi, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana na ndivyo vinavyouzwa dukani. Karibu uanzie kwingine, kwenye hewa. Sehemu kubwa ya nguvu inayosimamisha Hiace iliyojaa abiria haitoki mguuni mwa dereva, wala haitoki kwenye pampu tutakayoizungumzia. Inatoka kwenye hewa iliyotuzunguka. Pampu huondoa hewa upande mmoja tu, ili ile ya upande wa pili ipate pa kusukuma.

Pwani, usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya takriban kilo moja. Hatuihisi kwa sababu inatubana pande zote sawasawa. Otto von Guericke wa Magdeburg, Ujerumani, aliwaonyesha watu jambo hili katika karne ya 17. Alikutanisha nusu mbili za tufe la shaba, akafyonza hewa iliyokuwamo, na farasi waliofungwa kila upande wakashindwa kuzibandua. Hapakuwa na gundi wala parafujo. Hewa ya nje ndiyo iliyozishika.

Busta ya breki, lile kopo jeusi bapa lililo kati ya pedali na masta silinda, hutumia kanuni hiyohiyo. Ndani yake kiwambo cha mpira hutenga vyumba viwili. Usipokanyaga, vyote viwili vina ombwe, yaani hewa yake imefyonzwa, na kiwambo kimetulia. Ukikanyaga, vali ndogo huvitenganisha na kuruhusu hewa ya nje iingie chumba cha upande wa dereva. Chumba cha mbele bado ni kitupu, basi kiwambo husukumwa mbele kwa kishindo. Tupige hesabu: kiwambo chenye kipenyo cha sm 25 kina eneo la takriban sm 490 za mraba. Hewa ikiondolewa kwa asilimia 80, msukumo unakaribia kilo 390.

Injini ya petroli ya kawaida hulipata ombwe hili bure. Dereva akiachia ekseleta, kifuniko kwenye njia ya hewa hujifunga huku pistoni zikiendelea kuvuta, na manifoldi inabaki na hewa kidogo. Dizeli haikuumbwa hivyo. Huachiwa hewa yote inayoitaka, na mwendo wake huongozwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Ikiwa na turbo ndiyo kabisa, maana humo hewa imeshindiliwa. Kwa hiyo dizeli ndogo hupewa pampu yake. (Malori na mabasi makubwa yana breki za upepo na kompresa, hilo ni somo jingine.)

Kwenye injini za Toyota 2L, 3L na 5L, zilizojaa katika Hilux na Hiace zetu, pampu hiyo imekaa mgongoni mwa alteneta, shafti ikiwa moja. Ukiifungua utakuta rota iliyowekwa kando kidogo ya katikati, yenye mifereji ambamo mabamba membamba huteleza. Rota ikizunguka, mabamba hurushwa nje yakakwangua ukuta. Nafasi kati ya bamba na bamba hupanuka inapopita kwenye bomba la mpira linalotoka kwenye busta, ikachota hewa. Ikifika upande wa pili hubanwa, na hewa hurudishwa kwenye sampu pamoja na oili. Oili hiyo hulainisha, hupooza, na huziba mianya ambayo chuma peke yake hakiwezi kuiziba. Bomba lake likizibwa na masizi, mabamba hulika upesi. Na sili ya kati ikichoka, oili huvuja hadi kwenye alteneta: mteja analalamika gari halichaji, kumbe ugonjwa ulianzia kwenye pampu.

Mambo mawili husahaulika sana. La kwanza ni mwinuko. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, msukumo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, na busta hupungukiwa vivyo hivyo hata pampu ikiwa mpya. La pili ni akiba. Vali ya upande mmoja huhifadhi ombwe injini ikizimika, lakini akiba hiyo inatosha kukanyaga mara chache tu. Dereva anayeshuka mteremko mkali kama wa Kitonga injini ikiwa imezimwa ili abane mafuta, kwangu mimi, hajui anachokichezea.

Katika ukaguzi, tenganisha kwanza malalamiko mawili. Pedali inayobonyea kama sifongo inakuelekeza kwenye mafuta ya breki au hewa iliyoingia humo. Pedali ngumu inakuelekeza kwenye ombwe. Kwa hiyo, kabla hujamwambia mteja anunue pampu, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, shikilia mguu hapohapo, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, ombwe lipo. Isipozama, pima kwa geji kwenye mdomo wa pampu. Geji ikisoma vizuri pale, tafuta kosa kwenye mpira, vali au busta, na pampu iache mahali pake.